Hasira Inayojenga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayorudi kila watu wa Dar es Salaam wanapokaa kuzungumzia hasira: kwenye ushauri wa ndoa, kwenye vikoba, kazini, baada ya ibada. Yanaanza na mambo ya msingi na kuishia kwenye yale magumu. Ukiwa na haraka, nenda moja kwa moja kwenye swali lako. Jibu likitegemea jingine, namba yake imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Hasira ni nini hasa?

Ni hisia inayotujia tunapoona kitu tunachokithamini kimeguswa bila haki, na aliyekigusa angeweza kufanya vinginevyo. Mvua ikikulowesha utanung'unika kidogo, kisha utaendelea na safari. Dereva akipitisha tairi kwenye dimbwi huku anakuona umesimama kituoni, damu inapanda. Umelowa vile vile, ila safari hii kuna mtu aliyekuona na hakukujali.

Huzuni inasema nimepoteza. Hofu inasema nitaumia. Hasira inasema nimeonewa, na kuna jambo ninaloweza kulifanya. Mwaka 2009 wanasaikolojia Charles Carver na Eddie Harmon-Jones walikusanya ushahidi wa tafiti nyingi unaoonyesha kwamba hasira, tofauti na hofu, humsukuma mtu kulifuata tatizo badala ya kulikimbia. Kwa hiyo ukimwona mwenzako bado anakukasirikia, ujue bado anaamini kuna kitu cha kurekebisha kati yenu. Aliyekata tamaa na wewe hagombi tena.

2. Si wahenga walisema hasira hasara?

Walisema, na kwa kitendo kinachofanywa katikati ya hamaki hawakukosea. Simu iliyobamizwa ukutani haiponi, na maneno aliyotupiwa mama mkwe mbele ya wageni hayarudi mdomoni. Lakini wazee hao hao waliweka njia za kuipitisha hasira. Palikuwa na baraza ambapo mlalamikaji alisikilizwa hadi amalize. Palikuwa na mshenga wa kubeba neno zito. Utani tunao hadi leo: Mzaramo na Mnyamwezi, Mngoni na Mhehe, wanaambiana msibani mambo ambayo mtu mwingine akiyasema patachimbika, na ndani ya kicheko ukweli unafika. Wangekuwa wanaona hasira haina kazi yoyote wasingehangaika kuitengenezea njia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwanasaikolojia wa Marekani James Averill aliwauliza watu wa kawaida nini kiliwakasirisha na kilifuata nini. Nyingi ya hasira hizo ziliwaelekea watu wa karibu, na chache mno zilifika kwenye ngumi. Waliohusika, hata wale waliokasirikiwa, walitaja matokeo mazuri mara nyingi kuliko mabaya: mtu alitambua kosa lake, au wawili walielewana zaidi kuliko mwanzo.

3. Hasira na kinyongo vinatofautiana wapi?

Hasira ina jambo inalolidai, na ikilipata hupoa. Kinyongo ni hasira iliyokaa bila kusemwa hadi ikasahau ilichokuwa inadai, sasa inataka tu yule mtu asifanikiwe. Ukijikuta unafurahi kusikia biashara ya fulani imeanguka, na hukumbuki vizuri alikukosea nini, ulipo si kwenye hasira tena.

4. Dini yangu haikatazi hasira?

Soma vizuri. Katika Waefeso 4:26 Paulo hawaambii watu wasiwe na hasira. Anawaambia wasitende dhambi wakiwa nayo, na jua lisizame bado wanayo. Katika mafundisho ya Mtume Muhammad (S.A.W.), mwenye nguvu ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira, na aliyekasirika akiwa amesimama anaelekezwa akae, isipoondoka alale. Pande zote mbili zinachukulia kwamba hasira itakuja, zikafundisha namna ya kukaa nayo. Mahubiri yanayomfanya mtu ajione mkosaji kwa kuhisi tu yanamwongezea mzigo wa pili juu ya ule wa kuonewa.

## Hasira na mwili

5. Kwa nini nikikasirika natetemeka na maneno yote yanapotea?

Sehemu ndogo ndani ya ubongo iitwayo amigdala huonya mapema sana kwamba kuna hatari. Adrenalini inaingia kwenye damu, moyo unakimbia, damu inaelekezwa kwenye misuli. Mwili unajiandaa kwa mapambano, na mwili ulio tayari kupambana hauna haja ya sentensi ndefu. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ambayo hupima maneno na matokeo, inahitaji muda kidogo kuushika usukani. Kwa hiyo jibu zuri hukujia ukiwa umeshafika nyumbani.

Njia mojawapo ya kuisaidia ni kuitaja hisia yenyewe. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake walionyesha kwamba mtu anapoipa jina hisia anayoiona kwenye picha ya uso wa mtu, shughuli ya amigdala hupungua. Hata kujiambia kimoyomoyo "hapa nimekasirika, na kilichoniudhi ni kukatizwa" kuna faida. Joto la Januari, foleni ya Mbagala, njaa na usingizi wa saa nne navyo vinachangia. Havizalishi madai ya haki, ila vinafanya jambo dogo lionekane kubwa. Kula kwanza, kisha uamue kama bado una la kusema.

6. Nikipiga mto ngumi au nikienda kukimbia, si itatoka?

Watu wengi wanaamini hivyo, na utafiti unasema vingine. Mwaka 2002 Brad Bushman aliwakasirisha wanafunzi wa chuo, kisha baadhi yao wakapiga gunia la mazoezi huku wakimfikiria aliyewaudhi. Walizidi kukasirika, na wakawa wakali zaidi kuliko wale walioketi bila kufanya kitu. Mwaka 2024 Bushman na Sophie Kjærvik walipitia tafiti 154 wakaona jambo hilo hilo: kinachopunguza hasira ni kile kinachoutuliza mwili, kama kupumua taratibu, kulegeza misuli na kutafakari. Kukimbia peke yake hakukusaidia. Kulielekea hata kuiongeza.

Kimbia kwa ajili ya afya yako. Ila ukirudi, lile jambo lililokuudhi bado liko pale pale likisubiri kusemwa.

7. Mimi nikikasirika nalia, na watu wanadhani nimeshindwa. Nifanyeje?

Kulia hakuondoi uzito wa hoja yako. Mwili umepanda juu, na kwa baadhi ya watu hali hiyo inatokea machoni. Tatizo ni jinsi wengine wanavyoyasoma machozi, kwa hiyo waeleze wewe mwenyewe kabla hawajakutafsiria: "Nalia kwa sababu nimekasirika. Sijakubali. Nipe dakika mbili nimalizie." Sentensi hiyo ina nguvu. Wengi waliozoea kukatiza mazungumzo kwa "basi, usilie, yaishe" hukosa pa kushika.

## Kuitumia

8. Nitajuaje kama hasira yangu ina haki?

Anza kwa kutafuta kilichoguswa: heshima, jasho lako, muda wako, mtu unayempenda, ahadi. Kisha angalia kama unayemkasirikia ndiye aliyekigusa. Mtu anatoka Kimara amegombana na mkewe, anafika Kariakoo anamfokea konda kwa chenji ya shilingi mia mbili. Kuna haki iliyoguswa asubuhi ile, lakini konda hahusiki.

Halafu jiulize unataka nini kibadilike. Jibu likiwa "arudishe fedha", "asinikatize mbele ya wateja", "aniombe radhi", una kitu cha kwenda nacho. Jibu likiwa "nataka aumie", bado ni mapema kuzungumza.

Hapa pana hatari ambayo mwenye hasira haioni. Jennifer Lerner na Dacher Keltner, katika utafiti wa mwaka 2001, waliona kwamba wenye hasira huona hatari ni ndogo na huwa na matumaini makubwa kuhusu matokeo, kinyume cha wenye hofu. Ujasiri huo ndio unaomwezesha mnyonge kusimama na kusema. Ni huo huo unaomfanya mtu awe na uhakika juu ya jambo ambalo hajalithibitisha (tazama swali la 14).

9. Nitaisemaje bila kuharibu uhusiano?

Tuchukue ugomvi ambao kila aliyewahi kupanga Dar anaujua: LUKU moja, wapangaji wanne. Kila chumba kinachanga elfu kumi. Umeme uliotakiwa kufika nusu ya mwezi unakatika siku ya tano, na kwenye chumba cha kona kuna friji mbili za kugandishia barafu za biashara. Miezi inapita. Mmoja anaanza kununua umeme kidogo kidogo kwa makusudi. Mwingine anazima taa ya uani usiku. Siku ugomvi unapolipuka, unalipuka kwa sababu ya ufagio ulioachwa mlangoni, na mambo yote yanasemwa isipokuwa umeme.

Hasira ya kwanza, ile ya mwezi wa kwanza, ilikuwa na akili sana. Ilikuwa imepiga hesabu sahihi. Ilichokosa ni mtu wa kuipeleka kwa mhusika ingali safi. Ingeweza kusemwa hivi, jioni, watu wameshakula, bila hadhira: "Mama Juma, tumechanga elfu kumi kumi, umeme umekwisha siku ya tano, na friji mbili ni za biashara yako. Naona naonewa, na imeniuma. Naomba mwezi huu uchange kulingana na friji, au tumwombe baba mwenye nyumba atufungie mita ndogo za kila chumba."

Angalia kilichomo. Tukio limetajwa lilivyo. Hasira imetajwa wazi, haikufichwa nyuma ya tabasamu. Ombi ni moja, na linaweza kujibiwa ndiyo au hapana. Kisichokuwemo ni "wewe ni mjanja mjanja", "ndiyo maana mumeo alikukimbia", na orodha ya makosa ya mwaka mzima. Ukigusa tabia ya mtu, atajitetea yeye, na umeme utasahaulika.

Je, Mama Juma atakubali? Pengine hapana, au atanuna wiki nzima. Hata hivyo sasa mnajadili umeme, na wapangaji wengine wamesikia hesabu. Mkienda kwa baba mwenye nyumba au kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mna shauri lenye kichwa na miguu.

10. Mimi si mtu wa maneno. Nikinuna si inatosha, ataelewa mwenyewe?

Ataelewa kwamba umenuna. Hatajua kwa nini, na atabuni sababu inayomfaa yeye. Kuchuniana kwa siku tatu ndani ya nyumba moja kunamwadhibu mtu bila kumsomea shitaka.

Kunyamaza kwa muda ili upoe ni jambo jingine, na ni zuri, mradi umesema utarudi lini: "Sasa hivi siwezi, tuongee kesho baada ya kazi." Ukasema kesho, na kesho ukarudi.

Vipi kuhusu kanga? Pwani tuna ustadi wa kusema bila kusema: mtu anapita uani amejifunga kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu", na mlengwa anaisoma. Au ni kijembe kwenye taarabu, fedha zinatunzwa mbele ya fulani. Siidharau njia hiyo. Iliwapa sauti wanawake walionyimwa nafasi ya kusema barazani, na mara nyingi imezuia mkono usiinuliwe. Lakini kanga haiwezi kuomba kitu mahususi. Inafaa kumjulisha mtu kwamba umeona. Ukitaka fedha yako irudi, itabidi ufungue mdomo. Siku hizi kazi hiyo imehamia kwenye status ya WhatsApp, ambako wasiohusika ishirini wanajiona wamesemwa na mhusika hajafungua.

11. Nikisema nimeudhika naambiwa nina gubu. Kaka yangu akifoka anaambiwa ana msimamo. Hiyo ni haki?

Si haki, na kukukasirisha ni sawa kabisa. Msichana wengi wetu tumemlea kwa kumwambia asinune, atabasamu, avumilie. Akifika umri wa kuwa na nyumba yake hajui kusema "hapana" hadi afike mwisho wa uvumilivu, na akifika hapo kweli anasikika mkali, kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza anasikika. Tiba ni kusema mapema na mara nyingi, katika mambo madogo, hata wakikuita hilo jina. Likishatumika mara kumi bila kukunyamazisha linapungua makali.

Kwa wanaume hali imegeuzwa. Mvulana amekatazwa kulia, kuogopa na kusema ameumia. Hasira pekee ndiyo ameruhusiwa. Hivyo anakasirika afiwapo, anakasirika akosapo kazi, anakasirika mkewe akichelewa kurudi wakati ukweli ni kwamba aliogopa kuna ajali ya bodaboda. Kaka, kabla hujafoka, angalia kama kuna hofu chini yake. "Nilikuwa na wasiwasi" ni maneno matatu yanayookoa jioni nzima.

## Nyumbani na kazini

12. Mwanangu ana hasira sana, anajitupa chini dukani. Nimkomeshe?

Zuia kitendo, kubali hisia. "Umekasirika kwa sababu nimekataa kununua. Naelewa. Kumpiga mdogo wako hapana." Ubongo wake wa mbele, uliotajwa katika swali la 5, utachukua miaka mingi kukomaa, kwa hiyo kwa sasa utulivu anauazima kwako. Mtoto anayenyamazishwa kila anapolalamika anajifunza kwamba hata akionewa na mtu mzima, hakuna wa kumwambia. Huko hatutaki afike.

13. Bosi ananionea. Nikikasirika nitafukuzwa. Hasira ya mnyonge inajenga nini?

Kwa mnyonge hasira inafaa zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye sauti. Andika tarehe, kilichosemwa, waliokuwepo, saa za ziada ambazo hazikulipwa. Tafuta wenzako wenye malalamiko kama yako. Wakiingia wanne ofisini, si rahisi kumwambia mmoja ana jazba.

Na usiache kinyongo kikule muda. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Migogoro mingine ya kazi ina siku 60. Kuna watu wanaojifungia ndani kwa uchungu, wakitoka muda umepita na inabidi waanze kwa kuomba waruhusiwe kuchelewa. Siku hizo zinahesabiwa hata ukiwa umesusa.

Kama aliyekukosea ni mjomba, mama mkwe au mkubwa wa ukoo ambaye huwezi kumkabili uso kwa uso, mpitishie mtu anayemheshimu, lakini mpe ombi kamili kama lile la swali la 9. Ukimpa lawama tu, atafikisha lawama.

## Maswali magumu

14. Hasira ya watu wengi pamoja inajenga au inabomoa?

Mji huu umeona yote mawili. Septemba 1947 wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma kudai mshahara unaolingana na gharama za maisha baada ya vita. Mgomo ukaenea kwa wafanyakazi wengine mjini, ukafuata reli ya kati kwenda bara, na nyongeza ikapatikana. Hasira ile ilikuwa na dai linalotajika na mtu wa kulijibu.

Upande wa pili ni ile habari tunayoisoma mara kwa mara gazetini: "wananchi wenye hasira kali" wamemuua mtuhumiwa wa wizi. Mzizi wake naujua na hauna uongo. Mama aliyeweka akiba miaka miwili anunue cherehani, ikaibwa usiku mmoja, ana kila sababu ya kukasirika, na ana sababu ya kuichukia taratibu inayochelewa. Lakini umati hauulizi maswali ya swali la 8. Hauulizi kama ni huyu. Kelele moja ya "mwizi!" inatosha, na wamekufa watu wasiohusika. Kisheria kuua kwa kundi ni kuua. Ukiwa pale, huna haja ya kuukemea umati mzima. Piga simu polisi, mwite mjumbe, msogelee unayemjua kwa jina umtoe. Kijana mmoja akiitwa kwa jina lake huanza kutoka ndani ya kundi.

15. Mwenzangu ananipiga, anasema ni hasira zake. Nimsaidie kuzidhibiti?

Angalia kwanza anapokasirishwa na trafiki au na bosi wake. Kama hawapigi hao, basi mkono wake anaumudu vizuri. Ushauri wote wa swali la 9 haukuhusu wewe, kwa sababu unahitaji watu wawili ambao hakuna anayemwogopa mwenzake.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Kwenye vituo vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Utapewa fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu na ushahidi. Ukiwa na majeraha makubwa, tangulia hospitali. Kwa mtoto anayeteswa, namba 116 ni bure. Na ile hasira unayoihisi wewe, uliyofundishwa kuionea aibu, ndiyo inayokuambia kwamba hukustahili haya. Isikilize.

16. Nina hasira kila siku, kwa kila kitu. Bado ni hasira inayojenga?

Hasira isiyo na mhusika wala dai inahitaji kuchunguzwa. Sonona, hasa kwa wanaume, mara nyingi hujitokeza kama ukali badala ya huzuni. Maumivu ya muda mrefu, pombe, kukosa usingizi na matatizo ya tezi la shingo nayo huleta hali hiyo. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo asingoje: mapitio ya tafiti ya mwaka 2014 yalionyesha kwamba katika saa mbili baada ya mlipuko wa hasira uwezekano wa shambulio la moyo hupanda sana. Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe upewe rufaa. Muhimbili kuna idara ya afya ya akili.

17. Namkasirikia marehemu baba yangu, na kila mtu ananiambia marehemu hasemwi. Nifanye nini?

Mtu amekufa, lakini aliyoyafanya bado unaishi nayo: ada iliyolipiwa watoto wa nyumba nyingine, hati ya kiwanja iliyofichwa, ndugu uliowaona kwa mara ya kwanza siku ya mazishi. Hasira hiyo ni ya halali, na haikuzuii kuwa ulimpenda. Mara nyingi vyote viwili vipo, na unaruhusiwa kulia kwa vyote.

Ugumu ni kwamba mwenye kujibu hayupo. Gawa madai yako basi. Yale ya mali na mirathi yana watu hai na yana mahakama, yapeleke huko kabla hayajageuka uadui wa ukoo. Yale aliyotakiwa kuyajibu yeye, yaseme kwa sauti mahali fulani: kaburini, kwenye daftari, au kwa shangazi aliyemjua tangu utotoni na hataharakisha kukunyamazisha. Na wale wadogo zako wa mama mwingine hawakuwa na neno katika maamuzi yake. Huenda nao wana hasira yao juu ya mtu huyo huyo, na ni wao pekee wanaoweza kukueleza alikuwa baba wa namna gani siku ambazo hakuwa kwenu.